Picha Elfu Tatu Mlangoni

Mpiga picha aliyeketi mbele yangu kwenye basi alikuwa akimlalamikia jirani yake wa kiti, fundi wa kompyuta. Mitihani ni kesho, na picha elfu tatu za vitambulisho vya wanafunzi zilikuwa zikitambaa tangu asubuhi kutoka kompyuta yake ya studio hadi ya shemeji yake aliyebaki huko, inayotumia mfumo mwingine.

“Dada, kila picha inabisha hodi peke yake, inasubiri ikaribishwe. Zifunge zote katika faili moja, hodi iwe moja.”

Mpiga picha akampigia shemeji, akamwelekeza. Vituo viwili vikapita. Gazeti langu nilishaliacha. Kisha akacheka. “Zimefika zote. Ila anasema ni kwa sababu ameipangusa kompyuta vumbi.”

“Mwambie sivyo.”

“Mwambie wewe,” akampa simu.

Basi liliposimama nilishuka. Fundi, aliyekuwa ashuke kituo kilichopita, bado alikuwa akibishana kuhusu vumbi.