Ndoo ya Gundi ya Dadangu Judy Mbodze

Wapendwa waombolezaji, wa kanisani na wa msikitini, majirani zetu wa hapa Waa na nyinyi mliotoka Ukunda, Msambweni na hata Majoreni, wakubwa wangu shikamooni, na wadogo hamjambo. Mimi naitwa Elijah Mramba, ni kaka mkubwa wa marehemu, ni mzee wa kanisa na kazi yangu ni bodaboda, na familia imenituma nisome maisha ya dadangu, lakini yeye mwenyewe kabla ya kututoka aliniagiza nisianze na tarehe yake ya kuzaliwa, nianze na dhambi yangu, kwa hivyo mnivumilie.

Jumatatu ya tarehe 22 Agosti 2016 dadangu alinikabidhi mabango mia mbili ya karatasi, na brashi, na ndoo ya gundi ya unga wa muhogo aliyoipika mwenyewe, ili nibandike kuanzia hapa Waa hadi Majoreni, kutangaza onyesho la kwanza la mwimbaji mpya aitwaye Mwanapili Suleiman, ambalo lingekuwa Jumamosi ya tarehe 27 katika uwanja wa mpira Msambweni, nami nikayapokea kwa mikono miwili nikasema sawa dadangu, kisha nikayapeleka kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba yangu, nikayatia kiberiti yote. Ilikuwa mchana, jua linawaka, sikuwa mlevi wala sikutumwa na mtu. Siku ya onyesho walikuja watu kumi na mmoja, na watatu kati yao walikuwa wapiga ngoma.

Wakati ule nilijiambia ya kwamba nafanya kwa ajili ya Mungu, kwa kuwa nyimbo zile ni za kidunia, za ngoma ya sengenya iliyotiwa kinanda, lakini mbele ya jeneza hili sitasema uongo, ulikuwa ni wivu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naongoza kwaya na dadangu alikuwa ameacha kuja mazoezini, Jumamosi zote zimekwenda kwa Mwanapili, na watu kanisani wakawa wananiuliza, mzee, dadako amehamia upande wa pili? Nao wimbo wenyewe wa Mwanapili sikuwa nimeusikia. Nilikuja kuusikia baadaye sana, unamwimba mama ambaye kila wiki anafua shati la marehemu mumewe na kulianika, na hakuna neno hata moja ndani yake ambalo ningeona haya kulisikia madhabahuni.

Basi hiyo ndiyo dhambi, na sasa naweza kusema alizaliwa lini.

Marehemu Judy Mbodze Mramba alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1983 huko Kinango, mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa marehemu Mzee Mramba Chome na mama yetu Bibi Jumwa, ambaye mnamwona ameketi pale mbele, Mungu ampe nguvu. Mwaka wa 1991, baada ya ukame kutumalizia mbuzi, baba alituhamisha tukaja hapa Waa, na ndipo Judy alipoingia shule ya msingi akiwa na miaka minane, akamaliza darasa la nane mwaka wa 1998, akaendelea na sekondari hadi kidato cha pili, akasimama hapo kwa sababu ya hali ya nyumbani, na hakulalamika, au kama alilalamika sisi hatukumsikia, maana katika nyumba yetu waliosikilizwa ni wavulana, na hili nalo naliweka mezani.

Kazi aliianza kwa brashi. Mwaka wa 2001 alikuwa akiandika majina ya vibanda vya barabarani, na vibao vya mahoteli ya Diani vya kuelekeza wageni, bwawa huku, choo kule, na herufi zake zilikuwa zimenyooka hata watu wakadhani anatumia rula. Mwaka wa 2005 alichukuliwa na Bwana Abdulrahim, mwenye duka la picha pale Ukunda, akamfundisha kamera na kompyuta bila kumficha kitu, na mwaka wa 2012 alifungua kibanda chake mwenyewe, akawa anatengeneza kadi za harusi, stika za tuktuk, makasha ya CD, na mabango ya waimbaji wanaoanza, ambao hakuna aliyekuwa anawajua isipokuwa mama zao.

Hao wanaoanza aliwapenda kupita wateja wote. Alikuwa na utaratibu wake, kwanza hampigi mtu picha siku ya kwanza, humwambia akae pale kibandani amenye viazi au akunje nguo, aimbe huku anafanya kazi, ndipo ajue uso wake wa kweli ni upi, na akishampiga picha hakubali kumfanya mweupe kwenye kompyuta hata mtu akimbembeleza, alikuwa akisema, ukija jukwaani na rangi yako watu watasema umemtuma ndugu yako. Jina nalo alikwenda kumuuliza mama wa mwimbaji kama ameridhika nalo kubandikwa ukutani.

Na bango likiwa tayari, kabla halijapelekwa kuchapwa, alikuwa akitoa moja la kujaribia, analitundika kwenye mlango wa kibanda, ananipigia simu, Kaka Elijah pita, nami napita na pikipiki kwa mwendo wa kazi, siruhusiwi kupunguza, nikifika mbele napiga kelele nilichosoma. Nyote mnajua kusoma kwangu si kwa haraka, niliishia darasa la sita. Nikikosa tarehe anakuza tarehe, nikikosa jina anafuta maua yote aliyoyapamba. Wateja walimcheka, naye akiwajibu, huyu ndiye mkaguzi wangu, kaka akisoma akiwa kwenye pikipiki, basi hakuna atakayekosa. Sijawahi kuheshimiwa hivyo na mtu mwingine kwa sababu ya udhaifu wangu, na ni mtu huyo huyo niliyemchomea kazi yake, na bango lile la Mwanapili mimi mwenyewe nilikuwa nimelisoma nikipita, na nililisoma lote.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa takatifu na Bwana Japheth Nzai, fundi seremala, Jumamosi tarehe 11 Desemba 2004, na Mungu akawajalia watoto wawili, Nzai aliyezaliwa mwaka wa 2006 na Jumwa aliyezaliwa mwaka wa 2010. Shemeji Japheth, familia ya Mzee Mramba inakushukuru, umemtunza dada yetu miaka ishirini na zaidi, ulimtengenezea meza ya kazi, na alipokuwa hawezi kuketi ukaikata miguu ile meza ili aitumie akiwa kitandani, tuliona, na hatutasahau.

Sasa narudi kwa Mwanapili, kwa sababu maisha ya dadangu hayasomeki bila yeye. Baada ya siku ile ya watu kumi na mmoja, msichana yule aliacha kuimba, akaenda kufanya kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja huko Diani, akakaa miaka miwili, na dadangu hakumwacha, alikuwa akimfuata mlangoni anapotoka kazini, akimwambia, mwanangu, kosa si lako, njoo tuanze kidogo kidogo. Mwaka wa 2018 akakubali. Judy hakumtengenezea bango tena, alimchapia picha ndogo kwenye vikaratasi vya kufungia mabuyu, na mama Twaiba, muuza mabuyu wa Ukunda, akavitumia bure, ikawa watoto wanalamba vidole vyekundu huku wanamtazama Mwanapili, wakarudi majumbani wakauliza mama huyu ni nani, na hivyo harusi ya kwanza ikamwita, na ya pili, hadi leo ambapo hapa Pwani ya Kusini hakuna mwezi anaokosa mwaliko. Lakini onyesho lake mwenyewe, lenye jina lake juu, hajalifanya tena tangu siku ile. Aliogopa kuuona uwanja mtupu.

Ugonjwa ulianza Februari 2023, miguu ikavimba, akapimwa, ikaonekana ni figo, na tangu hapo akawa anakwenda hospitali ya Msambweni Jumanne na Ijumaa kuwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Mimi ndiye niliyempeleka na kumrudisha. Alikuwa akilala pale na kompyuta juu ya tumbo, mkono mmoja una mipira, wa pili unachora, na wauguzi wakawa wanamgombeza huku wanamwomba awatengenezee kadi za harusi za ndugu zao.

Jumanne tarehe 2 Septemba mwaka huu, akiwa kwenye mashine, nilishindwa kubeba, nikamwambia, dadangu, yale mabango ya mwaka wa kumi na sita niliyachoma. Nilidhani atalia. Alicheka hadi muuguzi akaja kutazama. Akasema, "Kaka, wewe ndoo ulinirudishia imejaa. Gundi nimeipika mwenyewe, utando wa juu haujavunjwa, brashi kavu kama mswaki wa dukani, halafu unaniambia umebandika hadi Majoreni?" Alijua tangu siku niliyomrudishia ile ndoo, kesho yake baada ya onyesho. Miaka tisa alijua, na katika miaka hiyo alinituma kubandika mabango ya watu wengine mara nyingi, na kila nikirudi alikuwa akiinama kutazama ndani ya ndoo, nami nikidhani anaangalia kama ataiosha.

Nikamuuliza mbona hukunisema? Akanijibu kwamba kama angenisema nisingerudi pale kibandani, na bado alikuwa anamhitaji mtu wa kumsomea akipita. Kisha akasema, "Lakini na mimi nina langu. Nilimwambia Mwanapili kosa si lake, sikumwambia ni la nani. Nilikuficha wewe, mtoto wa watu akabaki anaishuku sauti yake. Nikifa uyaseme yote mawili, lako na langu, na lako uliseme kabla ya jina langu, ili asiwepo wa kutoka nje kabla hujafika hapo."

Dadangu aliaga dunia Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili, mumewe na mama yetu wakiwa kando yake. Bwana alitoa na Bwana ametwaa.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilikwenda Majoreni nyumbani kwa Mwanapili, kwa kuwa niliona si adabu ayasikie haya kwa mara ya kwanza mbele za watu. Alinipa shikamoo, akaniwekea kiti, nikamweleza yote, naye akasema, "Mjomba, miaka miwili nimefua mashuka ya wageni nikijua Mungu hakunipa sauti. Nilikuwa namwomba msamaha kwa kumsumbua." Nikainuka kutaka kuondoka, akanizuia mlangoni, akaniambia, "Haya. Mama Judy amekufa na bango langu liko tayari kwenye kompyuta yake. Gundi atapika nani?"

Nikasema nitapika mimi.

Maana kazi ya mwisho ya marehemu, aliyoimaliza kwenye mashine wiki moja kabla ya kufariki, ni bango la onyesho la Mwanapili, ambalo dadangu alimbembeleza hadi akalikubali, Jumamosi tarehe 8 Novemba, uwanja ule ule wa mpira Msambweni. Bwana Abdulrahim ameyachapa mia mbili, idadi ile ile, na amekataa kusikia habari ya malipo. Shemeji alitundika moja la kujaribia pale mlangoni pa kibanda, nikapita na pikipiki, sikupunguza mwendo, na nimelisoma lote.

Kwa niaba ya familia natoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa Msambweni kwa miaka miwili na zaidi ya subira, kwa Bwana Abdulrahim aliyempa dadangu ufundi, kwa mama Twaiba na mabuyu yake, kwa waimbaji wote mliofika leo, mnaojulikana na ambao bado, kwa majirani zetu Waislamu mliochimba kaburi tangu asubuhi na kutupikia, kwa kanisa langu ambalo najua litakuwa na maneno na mimi wiki ijayo, na ni haki yake. Mwanapili binti Suleiman, nakushukuru umekuja ukaketi na akina mama, na mbele ya hawa wote nakuomba radhi, yangu na ya marehemu. Mungu aliye mwingi wa rehema anisamehe na mimi.

Judy Mbodze, mwana wa mama yangu, umefanya kazi mpaka mwisho, sasa tua mzigo, ulale pema mikononi mwa Muumba wako, na herufi zako zinasomeka.

Ndugu zangu, tukishazika, pale kwenye geti mtakuta mabango mia mbili, na ndoo tatu za gundi ya muhogo niliyoipika leo asubuhi, na makopo ya kuchotea. Ninawaomba kila mmoja achukue mawili, ayabandike kwao, palipo na watu. Ndoo nitakuja kuzikusanya jioni mimi mwenyewe, na nitaangalia ndani.