Shimo la Mti wa Pili

Benchi la mbele ya duka la kinyozi lina miguu minne, na mmoja wake ni tofali. Hapo ndipo wanapokaa wenye kazi zao na wanaozikimbia. Yupo Kinyozi mwenyewe, mwenye duka na mwenye birika la kahawa, ambaye akikosa kichwa cha kunyoa hutoka nje na taulo begani. Yupo Bomba, fundi wa mabomba, ambaye muda wote kuna mtu mahali fulani anamsubiri. Na yupo Diwani, hajawahi kugombea hata ukiranja wa darasa, lakini hasemi neno bila kukohoa kwanza. Watatu hawa walikua mtaa mmoja, wakacheza gemu moja, kwenye mashine moja, ya Kinyozi. Siku hiyo mashine ilikuwa imetolewa stoo na kuunganishwa na tivii ndogo ya dukani, na Kinyozi kahawa yake ilikuwa imepoa kikombeni.

Chanzo ni mkewe. Binti yao amerudi nyumbani, na kazi yake ni kutengeneza gemu. Kazi ya kweli, ya mshahara. Kinyozi humweleza kila anayekuja kunyolewa, hata asiyeuliza. Sasa binti anahitaji chumba cha kufanyia kazi, na chumba ni ile stoo. Mama watoto akaamuru makorokoro yote nje. Kinyozi akagoma: mashine haitoki. Wakavutana wee, mpaka mke akasema mtaalamu si wanaye ndani ya nyumba? Akisema gemu ni nzuri, itakaa sebuleni. Akisema mbovu, inakwenda kwa waokota plastiki leo hii. Kinyozi naye, kwa kiburi chake, akakubali mbele ya benchi zima.

– Atasema nzuri tu, Diwani alimtuliza, baada ya kukohoa. Gemu za siku hizi zinajicheza zenyewe. Mjukuu wa dada yangu anacheza huku anakula. Nani aliweza kula akicheza ile yetu?

– Mikono yenyewe ilikuwa inatoka jasho, alisema Bomba.

– Roho tatu tu. Zikiisha unarudi mwanzo kabisa, na pedi ya kuchezea unampisha mwenzako. Ndiyo maana sisi tuna subira. Tazameni ndoa zetu.

– Wewe umeachwa mara mbili.

– Na nilisubiri zote mbili.

Bomba akajimiminia kahawa nyingine.

– Mimi hata ufundi niliupata mle. Yale maji ya hatua ya tatu, yanavyopanda na kushuka, ndiyo presha ya bombani hasa. Sikufundishwa na mtu.

– Inaonekana, alisema Kinyozi, ambaye Bomba alimtengenezea bafu na maji yakatokea jikoni.

– Tena mashine ile ilikuwa inamjua mwenyewe, Diwani aliendelea. Kaseti ikigoma, si tulikuwa tunaitoa tunaipuliza? Nikipuliza mimi, haiwaki. Akipuliza Kinyozi, inawaka. Ilikuwa inatambua pumzi.

– Ulikuwa unaitemea mate.

– Pumzi, nasema.

– Na jua la mle ndani ya gemu lilikuwa linachoma kweli, Bomba akatilia mkazo. Mimi niliwahi kubabuka shingo.

– Si ulikuwa unakaa dirishani?

Kinyozi alicheka nao, lakini moyo wake haukuwepo. Stoo haikumuuma. Alichotaka ni mwanawe, aliyeisomea kazi hiyo, aitazame gemu ya baba yake na kusema, baba, hiki ni kitu. Basi, hilo tu.

Binti akafika, akaamkia.

– Shikamooni.

– Marahaba, mama, baba yake akajibu, na kumkabidhi pedi kwa mikono miwili.

Akaingia dukani, benchi zima nyuma yake, akakaa kwenye kiti cha kunyolea, akacheza. Akapita mti wa kwanza vizuri. Alipokaribia wa pili, kijitu chake kikadidimia na kupotea.

– Kimekwenda wapi?

– Shimoni, walijibu wote watatu.

– Shimo liko wapi?

– Halionekani, alieleza Bomba. Unaruka kabla ya mti. Kidogo kabla.

Akaruka, akadidimia. Akaruka tena, akadidimia, na roho zikawa zimekwisha. Akaiweka pedi mapajani.

– Baba, nikwambie ukweli?

– Ndicho nilichokuitia.

– Mbovu. Ukibonyeza kuruka, inafikiria kwanza. Shimo lina rangi ya ardhi. Huu si ugumu, baba, ni makosa ya walioitengeneza. Mimi nikipeleka kazi ya hivi, naambiwa nirudie.

Bomba akachungulia kikombe chake. Kinyozi ilimuuma, tena sana. Alichukua pedi, akaanza mwanzo. Mti wa pili aliuvuka huku akimwambia mteja aliyesimama mlangoni apite akae.

– Rudia, alisema binti, akivuta kiti.

Akarudia. Bomba naye akachukua pedi, akavuka. Diwani akakohoa, akavuka.

– Nafasi ya kuruka hapo ni nyembamba mno, binti alisema taratibu. Watu hawavuki hapo.

Diwani akanyoosha mgongo.

– Basi tuelewane. Kama gemu ilikuwa mbovu na sisi tukaimaliza, sifa ni za nani?

– Zetu, alisema Bomba.

Toka hapo benchi likageuka zima zima. Haijapata kutengenezwa gemu mbovu kama ile, na ole wake atakayeitetea. Kinyozi, kifua mbele, akamfunga mteja taulo.

– Mbovu kupindukia, alimwambia. Muulize mtaalamu, ni mwanangu yule.

– Lakini mlijuaje pa kuruka, binti aliuliza, na shimo halionekani?

– Alinionyesha Kinyozi, alisema Bomba.

– Mimi alinionyesha Diwani, alisema Kinyozi.

– Mimi nilimtazama Bomba.

Wakatazamana. Diwani alikohoa, na baada ya kikohozi hakikufuata kitu. Kinyozi alikikumbuka chumba walichochezea utotoni, akaona midomo yote ikisema ruka; aliyesema wa kwanza hakumwona. Moyo ukamjaa, akaona fahari ambayo hakujua aielekeze kwa nani.

Hata hivyo alikuwa amekubali mwenyewe. Akanyoosha mkono achomoe waya wa mashine. Binti akaushika.

– Unafanya nini?

– Umesema mbovu.

– Nimesema mbovu, sijasema imenishinda. Sogea, unaniziba.

Simu ya Kinyozi ikalia. Mkewe.

– Haya, mtaalamu amesemaje?

– Amesema mbovu, mama watoto. Tena mbovu vibaya.

– Basi ilete, waokota plastiki wako hapa mlangoni.

Kinyozi akamtazama mwanawe, aliyekuwa ameinamia tivii, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo.

– Nitailetaje, alisema, na mtaalamu haiachii?