Mabuti Mawili ya Kushoto

Benchi la kijiwe liliegemea ukuta wa kinyozi, likitazamana na duka la viatu, na siku hiyo katikati yake alikaa Shemeji. Mtaa mzima humwita hivyo kwa kuwa dada yake ameolewa na Muuza Kahawa, na kijiweni ndugu wa mmoja ni wa wote. Baada ya kusota sana, Shemeji alikuwa amepata kazi ya kubeba maboksi ya samaki kwenye chumba cha barafu, anaanza kesho alfajiri. Msimamizi alimwambia wazi: aje na mabuti yenye joto, yasiyopitisha maji, yenye chuma puani, la sivyo arudi kwao akalale. Mwenye duka naye ana utaratibu wake. Ukitaka kwenda kuomba ushauri nje, anakupa kiatu cha mguu mmoja tu, usije ukapotea nacho, na ukikichafua umekinunua. Ndiyo maana Shemeji alikuwa amepakata mabuti mawili ya kushoto, moja la ngozi na moja la mpira, yote yana chuma puani.

— Chukua la ngozi, akasema Breki, dereva wa lori aliyestaafu, ila mdomo wake bado uko kazini. Ngozi ni ya ng'ombe. Ushawahi kuona ng'ombe anatetemeka?

— Ng'ombe haingii kwenye friji, Breki.

— Anaingia sana tu. Ila akiwa vipande.

Shemeji akalisogeza kando buti la ngozi.

— Tatizo si buti, ni damu, akadakia Daktari, aliyepata jina hilo kwa kufagia zahanati. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Sasa ikishashuka vidoleni, na uzito ule, itapandaje? Inaganda huko huko.

— Dawa yake?

— Kila ukipata nafasi, simama kwa kichwa.

— Nimebeba boksi la samaki?

— Boksi si unaliweka chini kwanza! Kwani mimi mjinga?

Muuza Kahawa akacheka hadi akashika mbavu.

— Shemeji yangu, wasikuchanganye hawa. La muhimu ni maji. Maji yakimwagika hayazoleki, kwa hiyo usiyakubali yaingie kabisa. Hebu tulijaribu hilo la mpira.

— Kwa maji gani?

— Maji yote nimeshayachemshia kahawa.

Wakatazamana. Breki akakohoa kama hakimu.

— Kisichoweza kutoka ndani, kitaingiaje kutoka nje?

Neno hilo likapita kama hukumu. Shemeji hajafumbua mdomo, Daktari keshalidaka buti, Muuza Kahawa keshainamisha birika, kahawa ikamiminwa hadi tone la mwisho. Wakainama wote kuitazama soli. Kavu.

— Halivuji! Breki akapiga makofi. Mtaka cha uvunguni sharti ainame!

Hapo ndipo Shemeji alipokumbuka sharti la mwenye duka. Akatamani kulia. Buti amekwisha kulinunua, na hajui hata kama ndilo linalomfaa.

Dada yake akatokea, amebeba vikombe alivyotoka kuosha.

— Birika tupu saa hizi? Nani kanywa?

— Buti, mke wangu.

Akaguna. Akamgeukia mdogo wake.

— Na wewe, umeyavaa?

Kumbe! Katika ushauri wote ule, mguu haukuulizwa. Shemeji akachomoa mfukoni soksi zake nene za kazini, akavaa, akausukuma mguu kwenye buti la ngozi. Kisigino kikagoma. Likabaki la mpira. Akafumba macho, akazamisha mguu na soksi yake, kahawa ikafurika hadi kwenye ndala za Breki.

— Linanitosha, akasema taratibu. Vidole vinacheza humu ndani. Tena... jamani, lina joto! Joto kweli kweli!

Benchi likalipuka. Breki akasema si alisema; Daktari akasema damu imeshaanza kupanda; Muuza Kahawa akamkumbatia shemeji yake. Buti limepatikana!

Dada mtu akasubiri kelele zipungue.

— Na kahawa ikipoa?

Breki akakung'uta ndala zake. Daktari akaanza kuhesabu pikipiki zinazopita. Shemeji akachungulia ndani ya buti. Kidole chake kidogo cha mguu kilikuwa kimeshaanza kupata jibu.