Msiipigie Muhuri Sauti Yangu

Zimeni televisheni, wanangu. Na ile ya chini pia. Bun-hiong, laza simu yako kifudifudi juu ya kabati, wala usiniambie unasubiri ujumbe wa maana, kwa sababu najua anayekuandikia ni nani, naye yumo humu humu ndani, amekaa sebuleni kwangu na kapu la mapeasi aliloniletea mimi nisiyeweza kumeza hata mate. Siok-hun, binti yangu, njoo ukae upande huu, karibu na mdomo wangu. Daktari amesema sauti iliyonibakia ni ya kuombea maji tu. Basi maji sitaki. Nitaitumia yote leo.

Mali nitaimaliza upesi kwa sababu ni kidogo. Nyumba hii na shamba la karanga nyuma ya mfereji ni vya Bun-hiong, kwa kuwa yeye ndiye aliyelilima wakati mimi nazunguka mahekaluni na maonyesho yangu. Gari la jukwaa liuzeni kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Sanduku la wanasesere, pamoja na vichwa vyote alivyochonga babu yenu kwa mti wa kafuri, ni la Siok-hun. Ndiyo, Bun-hiong, la Siok-hun. Usinikunjie uso. Hukulitaka lilipokuwa na kazi, usilitake leo kwa sababu jumba la makumbusho limepiga simu.

Kinachobaki ni sauti yangu, na hiyo ndiyo inayomfanya Bwana Teng wa kampuni ya kurekodi akae kule sebuleni akinywa kikombe cha tatu cha chai yangu. Mkataba wa kampuni yake utakufa siku nitakayokufa mimi, isipokuwa ninyi wawili mpige mihuri yenu ya majina kwenye karatasi yake, wote wawili, na hapo watakuwa na ruhusa ya kuisemesha sauti yangu lolote wapendalo, miaka yote ijayo. Nawaomba msipige. Lakini najua mzee anayekufa huitikiwa kitandani akasahauliwa mlangoni, kwa hiyo nataka muondoke hapa mkiwa mnajua sababu, ili mkinisahau msahau kwa makusudi.

Ninyi mmekulia nyuma ya jukwaa, mnajua kazi yetu. Mikono miwili, wanasesere wawili, na mdomo mmoja unaosema wote: mfalme, mwizi, bibi harusi, mama mkwe, mpaka mbwa wa mama mkwe. Lakini kabla ya mchezo wowote kuna Mwaliko, na Mwaliko si mchezo. Ni pale tunapowaita Wazee Wanane wa mbinguni waje kumpa mkono mungu wa hekalu siku yake ya kuzaliwa. Ukiwaita, wanakuja. Babu yenu aliliamini hilo kama alivyoamini kwamba moto unaunguza. Ndiyo maana katika nyumba yetu Mwaliko haukusemwa mzima mahali popote ila mbele ya mungu, vijiti vya udi vikiwaka. Kwenye mazoezi tuliuruka mstari wa mwisho, mahali pake tukakohoa. Nilimsikia baba yangu akikohoa pale kwa miaka kumi na minne kabla hajaninong'oneza mstari wenyewe, naye akiwa kitandani, amekauka kama nilivyokauka mimi.

Serikali nayo imenitendea mambo ya kuchekesha, ila mimi sijacheka. Nilipokuwa mtoto, shuleni walinivisha kibao shingoni kwa kosa la kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa lugha ya mama yangu. Nilipokuwa kijana, wakatuondoa kwenye televisheni, wakasema wakulima wanaacha majembe mchana ili waangalie wanasesere wanaoongea lugha isiyofaa. Nilipokuwa mzee, watoto wa watu wale wale wakaja na maua, wakaniita hazina, wakanipigilia ukutani kibao kingine, hiki cha shaba. Mwezi ule ule nikaletewa karatasi ya polisi kwamba ngoma zangu zimewaudhi wakaazi wa ghorofa jipya lililojengwa ubavuni mwa hekalu. Hekalu lina miaka mia mbili. Ghorofa halijamaliza kukauka rangi. Nikampigia yule binti wa ofisi ya utamaduni, nikamuuliza, "Mwanangu, mimi ni hazina au ni kelele?" Akanijibu kwa adabu sana, "Mzee, hizo ni idara mbili tofauti."

Sitawalaumu wao tu, maana sina muda wa kusema uongo. Mimi mwenyewe niliingiza moshi na taa za rangi jukwaani, kwa sababu kundi la mji wa pili lilikuwa nazo na watu walikuwa wanahamia kwao. Mimi mwenyewe niliwafukuza wapigaji wetu wa ngoma, nikanunua kanda za muziki. Mzee Khng alinipigia ngoma tangu ndoa yangu, nami nikamwambia asije tena kwa kuwa kanda haiombi chakula. Onyesho lililofuata alikuja, akakaa mstari wa mbele, fimbo zake mbili mapajani, akawa anapiga hewani pale ngoma ilipotakiwa kulia. Kanda ilikuwa inachelewa, yeye hakuchelewa. Sikumwomba radhi, naye amekwisha kufa. Basi mkinisikia nalalamika juu ya mashine, jueni anayelalamika ni mtu aliyeifungulia mlango, akaivutia na kiti.

Halafu wakaja na mradi wa kuhifadhi sauti zetu. Ofisi ya serikali ilitoa karatasi, kampuni ya Bwana Teng ikatoa studio. Wakanipeleka mjini, wakaniweka kwenye chumba chenye sponji ukutani, kisicho na dirisha, kisicho na mungu, kina kipaza sauti tu na binti mmoja nyuma ya kioo, mpole, aliyekuwa ananiletea chai ya uvuguvugu. Miezi mitatu. Nilisema wafalme, wezi, mabibi harusi. Siku ya mwisho akasema, "Mzee, umebaki Mwaliko." Nikausema. Nikafika pale mwisho, nikakohoa. Akasimamisha mashine. "Samahani mzee, kikohozi kimeingia. Turudie." Nikarudia, nikakohoa. Akasema, "Au tuuache? Yule bwana wa kundi la mji wa pili ametusomea wake mzima."

Wanangu, nilikuwa na miaka sabini na tatu, nimezika mke, nimezika baba, na nilishindwa na sentensi ile moja. Nikausema mzima. Nikausema vizuri kuliko nilivyowahi kuusema mahali popote, kwenye chumba kile chenye sponji, bila udi, bila mungu, kwa sababu sikutaka mtu wa mji wa pili anishinde. Binti akapiga makofi nyuma ya kioo, lakini hata makofi yenyewe sikuyasikia. Nikatoa muhuri wangu, nikapiga penye kila alama ya penseli. Niliamini nimesaini karatasi za makumbusho.

Mwaka uliofuata koo likaanza kuuma. Nusu ya sababu ni tambuu niliyotafuna, nusu ni kazi. Madaktari wakalipasua, nikabaki na huu mkwaruzo mnaousikia.

Mwezi wa tatu uliopita nilikwenda sherehe ya hekalu la upande wa pwani, peke yangu, kutazama tu. Sikuwaambieni yote niliyoyaona. Uwanjani palikuwa na gari la skrini, wanasesere wa taa wanaruka bila mikono, na mbele yake viti vya plastiki vitupu, vimepangwa kwa mistari. Na kwenye spika nilikuwa mimi, niko kwenye Mwaliko. Nimesimama pale na kofia mkononi, nasikia koo langu la zamani, zima kabisa, linawaita Wazee Wanane mmoja mmoja kwa majina. Lilipofika kwa mzee wa sita, kijana mwenye gari simu yake ikalia. Akabonyeza kidude, sauti ikakatika, akaenda pembeni kuongea na mchumba wake. Wazee watano wamekwisha kuitwa, watatu hawajaitwa, na yeye anacheka kwenye simu, "Sijala bado, mpenzi, wewe umekula nini?"

Nikamfuata. Nikamwambia, "Kijana, huwezi kuukata pale. Malizia."

Akaniambia, "Babu, nani anaangalia?"

"Mungu anaangalia. Na hiyo sauti ni yangu."

Akanitazama toka kichwani mpaka viatu, akacheka, hata si kwa ubaya. "Babu, huyu ana sauti. Wewe unakwaruza kama mlango wa stoo."

Akarudi kubonyeza kidude chake, na mashine haikuendelea pale ilipoishia, ilianza tangazo. Mimi yule yule, kwa sauti ya mfalme, nawaambia watu, kwa maneno ambayo sijawahi kuyatamka, wanunue dawa ya kuongeza nguvu za kiume. Nikageuka kumtazama mungu kule ndani ya hekalu, nikashindwa kuinua macho.

Hiyo ndiyo sauti mnayotaka kuipigia muhuri.

Najua unachotaka kusema, Bun-hiong. Nilikusikia juzi, ukiwa jikoni, ulipodhani nimesinzia, ulipokuwa unamweleza mkeo. Ulisema, "Baba akiondoka, angalau nitaweza kumsikia." Nilisikia, na nikalia, ingawa nilijigeuzia ukutani. Sikuoni mwenye tamaa. Nakuona mtoto anayeogopa nyumba iliyo kimya. Lakini mwanangu, ile haitakuita kwa jina lako isipokuwa umelilipia. Itakuita wewe, kisha itamwita mwenye duka la simu kwa upole ule ule. Utaizoea, na siku moja hutakumbuka nilivyokuwa nakuita kweli, nilivyokuwa nakatisha jina lako katikati nikiwa na hasira. Kumbuka vibaya, lakini kumbuka mwenyewe. Sahau ukisahau. Baba hupotea, ndivyo mambo yalivyo, wala si ugonjwa ambao kampuni inapaswa kuutibu.

Nipeni dakika moja. Hapana, nimesema maji sitaki.

Siok-hun. Wewe nimekuacha mwisho kwa sababu ya aibu. Baba yangu alisema mwanamke hapandi jukwaa la Mwaliko, nami nikalishika neno lake kama hirizi. Nikamfundisha kaka yako, aliyekuwa anapiga miayo, na wewe nikakutuma uchemshe uji. Nilijua ulikuwa unasimama nyuma ya pazia. Nilijua mdomo wako ulikuwa unafuata mdomo wangu. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja uliponiuliza, "Baba, kwani mwishoni kila siku unapaliwa na nini?" Nikakupiga kofi. Ulikuwa umeshaujua wote, ila ule mstari wa nyuma ya kikohozi tu ndio ulioukosa, na badala ya kufurahi nikakupiga kofi.

Mstari niliokunyima wewe nilimpa binti asiye wangu, nyuma ya kioo, kwa kikombe cha chai ya uvuguvugu. Leo kijana yeyote mwenye gari anao. Huo sina tena wa kukunong'oneza, umekwisha kuliwa. Ukitaka kuusikia nenda uwanjani ukausikilize na wauza soseji. Sina la kujitetea. Kila asubuhi tangu mwezi wa tatu nimeamka na jambo hili mdomoni kama shubiri.

Kwa hiyo urithi wako si sanduku peke yake. Karatasi ya Bwana Teng inataka mihuri miwili. Kaka yako ana moyo laini, atapiga leo, atajuta kesho kutwa. Wako ndio ninaoutegemea. Nakurithisha kukataa. Najua ni jambo la ajabu kumwambia mtoto niliyemkatalia maisha yake yote, na una haki ya kunikomoa, ukapiga muhuri huku unacheka, ukaniacha niuze dawa mpaka dunia iishe. Sitakuwepo kukuzuia. Nakuomba tu, mimi niliyekuwa nakuamuru.

Maagizo mengine ni haya. Mazishini msiweke spika. Msilete wasichana wa kucheza juu ya magari, kama wanavyofanya watu mazishini siku hizi, hata kama binamu zenu watasema tumebania pesa. Kibao cha shaba kirudisheni kwenye ofisi yao, mkawaulize ni cha idara ipi. Siku ya saba nendeni wote wawili kwa mungu wa hekalu letu, mchome udi, mumwambie kwa midomo yenu kwamba yule anayewaita wazee kule uwanjani si baba yenu, Tiunn wa kundi la Nuru Tano, ni kitu kilichochukuliwa kwake kwa ujinga wake. Mniombee radhi kwa wale wazee waliokatiwa njiani. Kisha Siok-hun atafungua sanduku, na atasema Mwaliko. Wote. Mpaka mwisho, hata kama mstari ule utautoa uwanjani. Ukikosea, kosea. Ukikwama, Bun-hiong atakushikia pazia. Lile neno la mwanamke hapandi jukwaa... hakuna tena, baba yangu akinilaumu huko niendako, nitamjibu mimi.

Nani anapanda ngazi? Ni huyo Bwana Teng. Nazijua soksi zake, zinateleza. Mwambieni asubiri.

Nipeni mikono. Yako imekakamaa, Bun-hiong, hiyo ni ya jembe, ni mikono mizuri. Yako, Siok-hun... nilikuwa sijawahi kuishika vizuri. Shamba lizae. Watoto wenu wawe na makelele. Majirani wawashtaki kwa makelele yao. Mle mkishiba, mlale bila kuogopa giza, na mtu asije akawachukulia kitu mkiwa mnatabasamu. Na yule aliye juu ya... aliye juu ya jukwaa lote... awashike kwa mkono... kwa ndani, kama tunavyo... kama tunavyowashika wanasesere.

Unasema nini, Siok-hun? Nipumzike?

Msiniambie ninyamaze, wanangu. Mimi nanyamaza mwenyewe.

Inyamazisheni ile ya uwanjani.