Mpira Ukiwa Bado Hewani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa klabu, ndugu wajumbe wa kamati, Kocha wetu, mabinti zetu wachezaji, na ninyi wazazi mliowahi viti vya karibu na feni: habari za jioni.

Mimi ndiye mshika saa wa timu. Kiti changu kiko ubavuni mwa benchi, kwa hiyo nasikia mengi. Nimeombwa nimsifu Kocha, ilhali kesho kamati inakaa kuamua kama atabaki. Ni kazi tamu, ila ina miiba.

Mnaijua desturi ya mama huyu mazoezini? Mchezaji akirusha kuelekea kikapuni, wenzake lazima wapaze sauti kuhukumu uamuzi wake, "Sawa!" au "Siyo!", mpira ukiwa bado hewani. Ukishagusa pete, midomo ifungwe. "Baada ya hapo," husema, "hata bibi yangu ni kocha."

Kwenye robo fainali, mfungaji wetu Twiga alirusha kutoka katikati ya uwanja, na wenzake wawili wamesimama bila mlinzi chini ya kikapu. Ukaingia! Tulimbeba juu juu. Mwenyekiti alipoteza kiatu. Lakini mimi nilikuwa nimeshasikia sauti ya benchi: "Siyo!" Mechi iliyofuata Twiga alianzia nje.

"Kocha, si tulishinda lakini?"

"Tulishinda, mwanangu. Kaa."

Ikaja fainali. Sekunde za mwisho, tuko nyuma kwa pointi moja, wapinzani wote wamemrundikia Twiga. Kocha akaagiza pasi iende kona kwa Kimya, msichana asiye na maneno, asiyekabwa na mtu, ambaye kona ile ni kama sebuleni kwao. Akarusha. "Sawa!" Mpira ukazunguka pete, ukachungulia ndani, ukatoka.

Tangu hapo kila mtu mtaani ni kocha. "Angempa Twiga!" Ampe vipi, na watu watatu wamemning'inia? Na Kimya kaacha mazoezi, akiamini amemfukuzisha kazi mama huyu. Leo kaka yake kamvuta mpaka hapa. Kocha alipompita mlangoni alimwambia tu: "Jumatatu, kona ileile."

Mheshimiwa Mwenyekiti, mwakani tutashinda? Sijui, nanyi hamjui. Mpira uko hewani, na wakati wa kusema ndio huu. Mimi, kwa ruhusa yenu: Sawa!

Asanteni kwa kunisikiliza. Na wewe Kimya, Jumatatu usichelewe. Saa nashika mimi.