Kadi ya Kumi na Mbili

Nyuma ya duka la rangi pale Medina, Dakar, kuna benchi lenye miguu mitatu na tofali moja, na hapo ndipo mambo ya dunia huamuliwa kila siku baada ya sala ya alasiri. Mwenye benchi ni Gora Mbengue, muuza kahawa, ila hakuna amwitaye Gora. Ni Maporomoko, kwa vile anavyoinua kikombe juu ya kofia yake na kuimimina kahawa hadi kikombe kilicho usawa wa kiuno, huku na huku, mpaka povu lisimame na harufu ya djar, ile pilipili ya kutia kwenye kahawa, iwakamate wapita njia. Upande wa barabara hukaa Lamine Ndiaye, dereva wa teksi, jina lake Klachi. Upande wa ukuta hukaa Mzee Assane Diop, karani mstaafu, aliyewahi kushikana mkono na waziri miaka thelathini iliyopita, na tangu siku hiyo ni Waziri na hana jina lingine. Kondoo dume wa Maporomoko hufungwa kwenye nguzo ya umeme, anasikiliza. Alasiri hiyo vumbi la jangwani lilikuwa limelifunika jua likabaki jeupe kama mwezi, mji mzima ukawa kama unaota, na katikati ya benchi alikaa Mademba Fall, mchora mabango, laptopu mapajani, kadi ndogo ya kijani mkononi.

— Ya ngapi hiyo? aliuliza Klachi.

— Ya k-k-k...

— Ya kwanza? alimmalizia Waziri.

Mademba akatikisa kichwa. Akaonyesha vidole kumi, kisha viwili.

— Ya kumi na mbili! Klachi akapiga goti. Foleni, wewe ni mwanaume!

Foleni ni yeye Mademba. Jina alipewa na Klachi mwenyewe, kwa kuwa maneno yake hufika mlangoni yote kwa pamoja, yakasongamana, hakuna linalotoka. Wenzake walikuwa wakimsaidia kwa kummalizia sentensi, kwa upendo kabisa, na mara nyingi waliimaliza vibaya. Akitaka sukari hupewa sigara, na havuti. Alikuwa akicheka pamoja nao. Lakini lilimuuma jina hilo, kila siku kidogo, kama kokoto ndani ya kiatu ambacho mtu hana nafasi ya kukivua.

Shida ya kadi ilianzia hapohapo benchini, miezi minane nyuma. Maporomoko alikuwa anamimina, Klachi akasema jambo la kuchekesha, mkono ukacheza, na kahawa iliyotoka juu ya kofia ikatua yote kwenye laptopu ya Mademba. Laptopu ilipona. Kadi yake ya mtandao ilikufa, na tundu la waya likafa nayo. Mtu mwingine angechomeka kadi yoyote na maisha yakaendelea. Ila laptopu ile haikuwa na mfumo wanaoujua watu. Ilikuwa na Seetu, maana yake kioo, mfumo ulioandikwa na watu wachache waliotawanyika huku na huko, wa Kiwolofu kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na watumiaji wake wote ukiwapakia kwenye basi dogo, viti vitabaki. Chini ya skrini ya Seetu kuna mstari wa majina. Mwenye jina akiingia, jina lake linawaka. Hakuna sauti, hakuna picha, na ni mwiko kumwomba mtu namba ya simu.

Humo ndani Mademba aliitwa Bindkat, mwandishi. Alilichagua makusudi, kwa kuwa kwa mdomo wake hajawahi kuivuka ile B ya mwanzo. Humo maneno yake hayakujua foleni. Na humo alikuwemo Ngelaw, upepo, mwanamke wa mji wa Thiès, ambaye kwa miaka minne walizungumza kila magharibi: juu ya mvua iliyochelewa, juu ya maradhi ya mama yake, juu ya rangi gani inafaa mlango unaoelekea magharibi. Sasa ilikuwa miezi minane bila neno. Huenda jina lake lilikuwa likiwaka kila jioni, la Bindkat likiwa jeusi pembeni yake, naye Ngelaw hakuwa na njia ya kujua kwa nini. Wazo hilo lilikuwa likimnyima Mademba hamu ya kula.

Wenzake wa benchini walijua kuhusu kadi. Kuhusu majina hawakujua.

— Mimi nilishasema, alisema Klachi, shida ni dereva. Fundi wa soko la Colobane kasema kwa mdomo wake: Seetu haina dereva wa kadi hizi. Miaka ishirini na mbili nipo barabarani. Kuna aliyeniuliza?

— Dereva wa kompyuta ni maandishi, Ndiaye wewe, alisema Waziri. Yeye hali wali kama wewe. Ndiyo maana wewe hukuitwa.

— Kasema Diop! Mtu aliyesafisha sinia la shemeji yake mpaka akajaribu kula maua yaliyochorwa chini!

— Hayo maua yalikuwa na mchuzi.

Koo za Ndiaye na Diop ni watani tangu kabla ya babu zao kuzaliwa, kwa hiyo hakuna aliyekasirika. Mademba alikuwa ameshalegeza skrubu. Jambo lenyewe lilikuwa na wakwe wa pande mbili. Seetu inazijua aina tatu tu za kadi, tena za zamani. Laptopu nayo ina orodha yake kutoka kiwandani, na kadi isiyomo hairuhusu hata kuwaka: inaandika maneno meupe ya kukataa, inazima. Iliyokubaliwa na mfumo ilikataliwa na laptopu, iliyokubaliwa na laptopu haikujulikana na mfumo. Kumi na moja zimeshapita namna hiyo. Ziko kwenye kopo la rangi nyumbani kwake.

Akaisukuma ya kumi na mbili mahali pake, akafunga skrubu, akabonyeza.

Maneno meupe hayakutokea.

— Imekubali, alinong'ona Maporomoko, kikombe kimesimama hewani. Jamani, imekubali.

Seetu ikafunguka. Mstari wa majina ukaja, yote meusi, na mbele yake nukta moja ndogo ikaanza kuwaka na kuzima. Inatafuta. Mademba aliweka kiganja kifuani bila kujijua.

— Mbona inachelewa? aliuliza Klachi.

— Siku ya vumbi mawimbi hayakimbii, alisema Maporomoko. Yanatembea yakijipangusa.

— Si mawimbi, alisema Waziri. Mnajua kwamba waya wa dunia nzima unapita chini ya bahari na kutokea hapa kwetu? Sasa nani anakaa chini ya bahari? Samaki. Thiof anautafuna ule waya, anakula maneno ya watu. Mbona amenenepa vile? Na ukila kichwa chake unaota ndoto za watu usiowajua.

Klachi alimgeukia taratibu.

— Wallahi. Ijumaa nilikula kichwa. Nikaota nazungumza Kireno na mwanamke mwenye mwavuli.

— Alisema nini?

— Mimi Kireno nakijulia wapi, Waziri?

— Basi hayo yalikuwa maneno ya mtu, alisema Waziri kwa huzuni. Mwenyewe mpaka leo anangoja majibu.

Nukta iliwaka, ikazima. Kondoo alicheua. Maporomoko akainama, na aliposema sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mtu anayembembeleza mtoto.

— Mimi niliambiwa kadi zinazofaa zilitengenezwa siku moja tu. Siku kama hii, jua jeupe, wafanyakazi wote kiwandani wanasinzia. Usingizi wao ukaingia kwenye kadi. Ndiyo maana hazipatikani: zimelala madukani, fundi akizitazama anaona vyuma tu. Ila zenyewe zinajuana. Moja ikiamka hapa, nyingine inaamka mbali huko, na zikiamka zote mbili hakuna haja ya mnara.

Mademba alikuwa mtu mzima, anajua kadi ni nini, lakini kwa kitambo hicho aliamini kila kitu, samaki na usingizi na yote. Aliliona dirisha la Thiès asilowahi kuliona, na jina linataka kuwaka.

Nukta ikazima, haikurudi. Chini ya majina Seetu ikaandika: *Hapa sioni kadi.*

Mademba akalegeza skrubu, akaitoa kadi, akaiweka kwenye kisosi chenye maganda ya karanga. Macho yalikuwa yanamchoma, na hakutaka kuinua uso.

— Ni mkono wangu huu, alisema Maporomoko. Foleni, nisamehe tena.

— Kumi na tatu ni namba nzuri, alisema Klachi, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Hapo ndipo mwanamke alipotokea kwenye vumbi. Alikuwa wa makamo, vazi lake pana la boubou, la bluu, limekuwa kijivu mabegani, mfuko wa laptopu ameukumbatia mbele kama mtu anayeogopa wezi wa stendi.

— Asalaam aleikum.

— Aleikum salaam, mama. Karibu kahawa.

— Natafuta benchi ambako mtu humwaga kahawa kutoka angani na kondoo husikiliza mazungumzo.

Waziri alinyoosha kola.

— Umefika, mama. Habari zetu zimefika mpaka wapi?

— Mpaka Thiès. Hili ni benchi langu la sita tangu asubuhi. Akawatazama mmoja mmoja. Nani kati yenu ni Bindkat?

Mademba alihisi damu yote inapanda masikioni. Yale maneno ya kahawa ya angani na kondoo aliyaandika yeye mwenyewe, mwaka wa pili wa mazungumzo yao, jioni Ngelaw alipomuuliza mahali anapopenda kukaa.

— Bindkat? alisema Waziri. Waandishi wa barua walikuwa wanakaa karibu na posta, mama. Wengi wamefariki.

— Huyu hajafariki, alisema mwanamke, halafu akasita. Sijui. Ndilo nililokuja kuuliza.

— B-b-b... alisema Mademba.

— Bado anataka kahawa, alifafanua Klachi. Usimjali, mama, ndivyo alivyo.

— B-b-b-b...

— Ah! Basi! Anasema basi! Kituo cha basi, mama, kipo pale kona, ukivuka. Kweli, Foleni, umefikiri vizuri, vumbi hili likizidi magari ya Thiès hayatatoka.

Mwanamke alimtazama Mademba, aliyekuwa ameinua mkono, shingo imekakamaa, na hakuona ila mtu anayemwelekeza njia. Akamshukuru. Akausogeza mfuko wake begani, akageuka.

Alikuwa na hatua kumi hivi kufika kona. Mademba alifungua mdomo tena, B ikakaa palepale ilipokaa miaka hamsini. Mgongo wa bluu ulikuwa unaingia katika weupe. Ndipo vidole vikaanguka kwenye laptopu vyenyewe, akaandika neno moja, akalikuza mpaka likajaza skrini kama bango la duka, akainuka na laptopu wazi mikononi, akakimbia. Kikombe cha Klachi kilipinduka. Waziri alipiga kelele, kahawa imemwagikia boubou lake.

Alimpita mwanamke, akasimama mbele yake katikati ya barabara, akiwa ameishika laptopu kifuani, skrini imemwelekea.

BINDKAT.

Teksi ilipiga honi, ikawazunguka. Mwanamke alisoma. Akamtazama usoni, akatazama mdomo wake uliokuwa bado unajaribu, na akaelewa jambo ambalo miaka minne hakuambiwa. Alisogea, akaweka vidole vyake kwenye laptopu, akaandika chini ya neno lile:

*Miezi minane. Nilidhani umekufa.*

Mademba aliigeuza, akaandika kwa mkono mmoja:

*Ni kahawa.*

Akacheka, Ngelaw, kicheko kikubwa kuliko alichowahi Mademba kukiwazia. Wakarudi benchini. Klachi na Waziri walibanana upande wa ukuta, wakawaachia nafasi, na wale wawili wakakaa, laptopu juu ya goti moja la huyu na goti moja la yule. Aliandika huyu, akaandika yule. Hakuna aliyemmalizia mwenzake neno. Kwa muda mrefu kilichosikika ni vidole tu, na kondoo.

Klachi alimwinamia Waziri.

— Wameunganishwa?

— Kwa kadi ipi? Waziri alionyesha kisosi. Ile pale, kwenye maganda.

Klachi aliitazama kadi, akaitazama laptopu, akawatazama wale wawili.

— Sasa dereva ni nani?

Maporomoko aliinua birika juu kabisa ya kofia yake, kwa ajili ya mgeni, akaliinamisha. Yakatoka matone mawili.