Boniventura Kashindye, Mwanzilishi wa Mafunzo ya Mbwa wa Kuongoza Wasioona Bariadi

Marehemu Boniventura Kashindye alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Lalago, wilayani Maswa, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kashindye Ng'washi. Familia ililima pamba na kufuga ng'ombe, naye alichunga hadi alipoanza shule.

Alisoma shule ya msingi Lalago, sekondari Shinyanga, kisha chuo cha mifugo Mpwapwa, alikohitimu mwaka 1984. Aliajiriwa kuwa bwana mifugo Mwanhuzi, baadaye akahamishiwa Bariadi. Mwaka 2013 aliacha kazi ya serikali kwa hiari yake. Hakufukuzwa, kama ilivyowahi kusemwa. Aliacha ili aanzishe Shirika la Mwongozo, linalofunza mbwa wa kuongoza wasioona.

Tarehe 9 Julai 1988 alifunga ndoa Nyalikungu na Mwalimu Goodness Amoni. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza akiwa Wema.

Mbwa wa kwanza alimfunza kwa njia aliyoijua tangu utotoni, yaani mluzi wa wachungaji. Agosti 2014 alimkabidhi kwa Bi Kwandu, mama asiyeona wa Lalago. Siku ya mnada mchungaji mmoja alipiga mluzi, na mbwa akamvuta Bi Kwandu hadi katikati ya ng'ombe. Hakuumia hata kidogo. Marehemu alipofika alimkuta ameegemea dume la watu.

"Ng'wana Kashindye," Bi Kwandu akasema kwa sauti ya kusikiwa na mnada mzima, "mimi nilitoka nyumbani kununua dagaa. Umenipa macho, au umeniajiri kuchunga?"

"Nisamehe, mayu, mama yangu. Kosa ni langu, si la mbwa."

"La mbwa litoke wapi? Yeye kafanya ulichomfundisha!"

Watu walicheka, lakini baada ya hapo ikaenea kwamba mbwa hao hawaaminiki, na hakuna aliyeomba mwingine. Marehemu aliacha mluzi kabisa. Alifundisha kwa maneno na kwa kugusa bega, kisha akawapeleka mbwa mnadani na kuwaomba wachungaji wapige miluzi makusudi, hadi mbwa asigeuze hata sikio. Aliwafundisha pia kulala nje ya mlango wa duka, kwa heshima ya wafanyabiashara Waislamu. Bi Kwandu ndiye aliyekubali kwanza kujaribu tena, kwa sharti kwamba marehemu atembee nyuma yake na asimsemeshe. Alitembea hivyo msimu mzima wa pamba. Maombi yakaanza kurudi, kutoka Maswa, Meatu hadi Lamadi.

Mwaka 2017 aligundulika kuwa na kisukari, na mwaka 2023 kikamwondolea uwezo wa kuona. Wakati huo mbwa mmoja alikuwa tayari, naye hakumchukua. Yakasemwa maneno mjini kwamba mwenyewe hawaamini mbwa wake. Familia inapenda ukweli ujulikane. Mbwa yule alikuwa wa zamu ya Januarius, fundi cherehani wa Mwanhuzi, aliyekuwa amesubiri miaka miwili. Mke wa marehemu alimsihi mumewe amchukue mbwa huyo.

"Mama Wema, mimi ninaye wa kunishika mkono. Januarius anaishi peke yake."

"Na wanaosema?"

"Wanaosema wana macho. Watamwona Januarius akipita."

Marehemu aliomba mbwa kama waombaji wengine, akawekwa wa nne kwenye orodha. Mara mbili wafanyakazi wake walitaka kumpandisha, mara mbili akakataa. Alitembea akishika bega la mkewe.

Figo zilipoanza kushindwa alipelekwa Mwanza kwa matibabu. Alifariki huko tarehe 2 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 63. Zamu yake ilikuwa haijafika.

Ameacha mjane, Mwalimu Goodness, watoto Wema, Kasmiri na Kashindye, wajukuu watano, na dada mmoja. Shirika linaendelea na kazi chini ya Wema, na nafasi ya marehemu kwenye orodha ya kusubiri mbwa amepewa mwombaji anayemfuata.

Mungu amjalie pumziko la amani.